Saanane: Hifadhi Iliyomo Ndani ya Nyufa

Muulize mkazi wa Mwanza hifadhi ya taifa iliyo karibu naye, na huenda akakutajia Serengeti. Si kosa kubwa, maana kwa barabara ya Musoma lango la Ndabaka ni mwendo wa saa mbili na ushee kwa gari. Ila iko nyingine ambayo macho yake huipita kila siku akiwa kwenye daladala, akiwaza mengine. Ukisimama Capri Point ukatazama ziwani unaiona bila darubini: kisiwa kidogo chenye miti mabondeni na mawe makubwa mgongoni, mengine yamelala, mengine yamepandana kana kwamba yanasubiri kuanguka. Hiyo ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, umbali wa kilomita 2 hivi kutoka katikati ya jiji. Eneo lake lote, maji na nchi kavu, ni kilomita za mraba 2.18. Tanzania haina hifadhi ya taifa ndogo kuliko hiyo. Serengeti, yenye kilomita za mraba 14,763, ingeweza kuzimeza Saanane zaidi ya 6,000 na bado ikabaki na nafasi.

Udogo huo umeiponza na pia umeiokoa. Umeiponza kwa sababu mgeni anayefika akitarajia makundi ya nyumbu na simba chini ya mgunga hurudi akilalamika. Umeiokoa kwa sababu hakuna aliyeona sababu ya kuijengea hoteli za ghorofa. Anayefaidi Saanane ni yule anayekwenda kwa ajili ya mawe, kisha akakaa kimya karibu nayo kwa muda wa kutosha kuona ni nani wanaoishi humo.

Safari ya boti kutoka gati la hifadhi huchukua dakika chache tu, na haikawii kwisha; abiria anayesumbuka na vifungo vya jaketi okozi anaweza kujikuta kisiwani kabla hajavimaliza. Wanafunzi ndio wageni wanaoleta shamrashamra. Huteremka kwa mstari, wakimwamkia mhifadhi “shikamoo” kwa sauti moja, naye akiitikia “marahaba, wanangu,” kabla ya kuwaambia sheria mbili tatu: msiwalishe tumbili, msitupe taka, na asiwepo mtu wa kupanda jiwe peke yake. Sheria hiyo ya tatu ndiyo inayovunjwa mapema kuliko zote. Mtoto wa Mwanza aliyekulia kwenye vilima vya Mabatini au Igogo, akipanda majabali kwenda kuchota maji, haoni kwa nini aombe ruhusa ya kupanda jiwe.

Jina la kisiwa ni la mtu. Mzee Saanane Chawandi alikuwa mvuvi na mkulima aliyeishi hapo hadi mwaka 1964, Serikali ilipomhamisha kupisha bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Bustani hiyo ilikuwa na kazi mbili: kuwapa wananchi nafasi ya kuona wanyamapori bila kufunga safari ndefu, na kuwa kituo cha mapumziko kwa wanyama waliokuwa njiani kupelekwa Kisiwa cha Rubondo, upande wa kusini-magharibi mwa ziwa. Ulikuwa wakati wa mipango mikubwa. Kati ya 1966 na 1969, shirika la uhifadhi la Frankfurt lililoongozwa na Bernhard Grzimek, mtu yuleyule aliyeitangaza Serengeti duniani kwa filamu na vitabu, liliachia sokwe 17 Rubondo, na leo kizazi chao bado kipo katika misitu ya kisiwa kile. Rubondo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Saanane ilisubiri zaidi. Mwaka 1991 ilipandishwa kuwa pori la akiba, na Julai 2013 ikatangazwa hifadhi ya taifa chini ya shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, pamoja na visiwa vidogo viwili jirani, Chankende Kubwa na Chankende Ndogo. Ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza Tanzania kuwa ndani ya jiji.

Ni mwelekeo usio wa kawaida. Mahali pengi pori hugeuka shamba, na shamba likageuka mtaa. Hapa shamba la mzee mmoja limegeuka hifadhi ya taifa, huku ng'ambo ya maji jiji likikua hadi kupita watu milioni 1, kwa hesabu ya sensa ya 2022 ukijumlisha wilaya za Nyamagana na Ilemela.

Sasa mawe yenyewe.

Swali ambalo karibu kila mtoto huuliza akiyatazama ni moja: nani aliyapandisha juu? Swali hilo lina akili, kwa sababu jiwe kubwa kuliko nyumba likikaa juu ya jingine kwa kugusana sehemu ndogo tu, akili ya kawaida inatafuta mtu, au jitu, aliyelinyanyua. Masimulizi ya kandokando ya ziwa hayakukosa majitu ya namna hiyo. Jibu la wanajiolojia ni kinyume: hakuna aliyelipandisha jiwe, ardhi ndiyo iliyoshuka.

Mawe ya Mwanza ni graniti. Yalianza kama uji wa moto chini kabisa ya uso wa dunia, kilomita kadhaa kwenda chini, yakapoa polepole zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, wakati ambao duniani hapakuwa na samaki, wala jani, wala mdudu. Kwa kulinganisha, Kilimanjaro, ambao watu wengi huufikiria kuwa mzee wa nchi hii, volkano zake zilianza kulipuka kama miaka milioni 2.5 iliyopita. Mlima huo ni mtoto mchanga mbele ya jiwe la kukalia la Igogo. Sehemu hii ya kati ya Tanzania, kuanzia Dodoma na Singida hadi ufukweni mwa ziwa, ni mojawapo ya vipande vikongwe vya gamba la Afrika, na ndiyo maana mawe ya namna hii yanaonekana pia Serengeti, kwenye vilima vya Moru na Simba, na hata kando ya Kisumu, ambako jabali la Kit Mikayi huvuta wageni na waumini.

Mwamba huo ulipokuwa ukipoa ulijikunyata, na ulipokunjwa na kusukumwa na misukosuko ya dunia ukapasuka. Nyufa zikajipanga kwa mistari, nyingine za wima, nyingine za mlalo, zikaugawa mwamba kuwa vipande vya pembe nne vilivyobanana, bado viko gizani chini ya ardhi. Kisha kwa mamilioni ya miaka mvua na mito vikakwangua ardhi ya juu. Mzigo uliokuwa ukiukandamiza mwamba ulipopungua, mwamba ukatanuka kidogo, nyufa zikaongezeka, na maji yakapata njia ya kuingia.

Maji ya mvua si maji matupu. Yakipita hewani na katika udongo huchukua hewa ya ukaa, yakawa na ukali kidogo wa tindikali. Graniti ina madini makuu matatu: kwatzi, feldispa na maika. Kwatzi haijali tindikali hiyo, lakini feldispa hulegea na kugeuka udongo wa mfinyanzi. Sasa fikiria kipande chenye pembe nne kilichozungukwa na maji kwenye nyufa zake. Upande wake wa bapa unashambuliwa kutoka upande mmoja tu. Ukingo unashambuliwa kutoka pande mbili. Kona inashambuliwa kutoka pande tatu. Kona huisha kwanza, kama zinavyoisha kona za kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa juzi na kuachwa kwenye beseni. Kinachobaki katikati ni bonge la jiwe gumu, la mviringo, limezungukwa na udongo laini. Hatimaye mvua huusomba udongo na kuupeleka ziwani, na mawe ya mviringo hubaki yamekaa juu ya mengine palepale yalipokuwa tangu awali. Jiwe lililo juu halikuinuliwa hata sentimita moja.

Kazi hiyo haijaisha, na Saanane mtu anaweza kuishuhudia kwa kidole. Pitisha mkono juu ya jabali lolote linalopigwa na jua la mchana: chembe nyeupe na za waridi ni feldispa, zile zinazoonekana kama kioo cha kijivu ni kwatzi, na vijani vyeusi vinavyometameta ni maika. Mahali fulani utakuta ganda la jiwe, unene wa vidole viwili au vitatu, limeachana na mwamba na linakaribia kuteleza. Ukilipiga kwa kiganja linatoa sauti ya uwazi ndani. Chini yake kuna mchanga mkavu wa chembe kubwa. Huo ndio mwamba unaovua nguo zake taratibu, na mchanga ule ndio ambao baada ya safari ndefu huishia kwenye fukwe ambazo watu wa Mwanza huenda kupumzikia Jumapili.

Zimbabwe, ambako graniti ni ya umri unaokaribiana na huu, wameyapa mawe yao yaliyopandana heshima ya kuwekwa kwenye noti za benki, na Vilima vya Matobo vikaingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2003. Mwanza imejipa jina la Jiji la Miamba na kuliandika kwenye mabango, jezi na vibanda vya chipsi, lakini ukweli ni kwamba heshima yake kwa mawe inaishia hapo. Tutalifikia hilo.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza wengi. Mawe ni ya zamani mno, ila ziwa ni jipya. Ziwa Victoria linakadiriwa kuwa na miaka 400,000 hivi. Lilitokea baada ya ardhi ya magharibi kuinuka kandokando ya Bonde la Ufa na kuziba mito iliyokuwa ikielekea huko. Maji yakarudi nyuma na kujaa kwenye bonde pana lisilo na kina. Hata sasa, pamoja na ukubwa wake wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, kina chake kirefu hakizidi mita 85. Na lilishawahi kukauka. Uchunguzi wa tope la chini ya ziwa unaonyesha kwamba kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita, wakati wa ukame mkali, bonde lote hili lilikuwa nyasi. Saanane haikuwa kisiwa. Ilikuwa kilima cha mawe katikati ya mbuga, na mtu angekifikia kwa miguu kutoka palipo Bugando leo.

Wenyeji wa kwanza kuonekana kisiwani ni pimbi, na wanaonekana asubuhi, jua likiwa bado jipya. Ni mnyama mdogo mnene, mwenye manyoya ya kahawia na uso wa kununa, asiye na mkia wa kuonekana. Mwili wake hauna uwezo mzuri wa kutunza joto usiku, kwa hiyo kabla ya kula hana budi kuota jua. Wanajipanga juu ya jabali, vifua vimelala kwenye jiwe, na mmoja wao hubaki macho akitazama juu, maana adui mkubwa ni tai. Akipiga mluzi, wote wanapotea ndani ya ufa kabla mtazamaji hajageuza shingo. Nyayo zao ndizo siri ya wepesi huo: zina ngozi laini yenye tezi zinazoiweka na unyevu, zikashika jiwe pale ambapo kiatu cha binadamu kingeteleza. Michirizi myeupe inayoonekana kwenye miamba mingi, ambayo wageni huidhania chokaa, ni mkojo. Pimbi hukojoa mahali pamoja, wazazi kwa watoto, na madini yaliyomo yakaganda juu ya jiwe.

Pimbi huyu, mwenye uzito wa kilo 2 hadi 4 hivi, ndugu zake wa karibu katika ukoo wa wanyama ni tembo na nguva. Wasioamini wamtazame meno ya mbele, mawili marefu yanayochongoka, na wakumbuke kwamba jike lake hubeba mimba zaidi ya miezi 7, muda mrefu kupita kiasi kwa mnyama wa kimo hicho.

Jua likipanda, pimbi hurudi kivulini na jukwaa hushikwa na mjusi. Dume lake halina haya: kichwa, shingo na mabega ni mekundu, kiwiliwili na mkia ni wa bluu iliyokolea. Watalii humpiga picha wakimfananisha na shujaa wa filamu za Marekani anayepanda kuta za maghorofa, na kwa kweli anapanda, wima kwa wima, kichwa chini akitaka. Kinachosahaulika ni kwamba mjusi huyu ana jina la jiji. Mwaka 1923 mtaalamu wa wanyama Arthur Loveridge alimwandika kisayansi kwa jina la Agama mwanzae. Dume moja hutawala jabali lake pamoja na majike kadhaa ya rangi ya kahawia, na akiona dume jingine linakaribia huinua na kushusha kifua mara nyingi mfululizo, kwa fujo, akitangaza mipaka. Likitokea giza au hatari huingia ufani, hujaza mwili hewa, na huwezi kumtoa.

Waswahili wamezoea kuambizana kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Saanane mambo yamegeuka: ufa ndio nyumba. Kenge hutaga karibu nao, tumbili hulala juu yake, na mizizi ya mitini inaingia humo na kupanua zaidi kile ambacho maji yalianza. Swala pala walioletwa zamani wanakula nyasi kwenye viwanja vidogo kati ya majabali, na yupo kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya machungwa, ambaye naye ni mhamiaji. Pembeni mwa maji hukaa mnandi, wamefungua mabawa wakiyakausha. Mawe wanayokalia yamekuwa meupe kwa kinyesi chao. Mamba wapo. Mhifadhi akisema usiogelee, hatanii.

Ng'ambo, jiji limefanya kile walichofanya pimbi. Limepanda mawe.

Mwanza ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1892 kama kituo cha utawala. Miaka 34 kabla yake, tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke alikuwa amesimama kwenye kilima cha upande wa Isamilo akaona ziwa kwa ukubwa wake. Kibao kwenye mnara wa saa wa mjini kinaikumbusha siku hiyo, ingawa wenyeji hawakuhitaji kuonyeshwa ziwa lao. Wajerumani walijenga juu ya vilima, wakafurahia upepo, wakaliita jiwe lililotokeza majini karibu na gati la Kamanga kwa jina la kansela wao Otto von Bismarck. Jina hilo limebaki hadi leo, hata watoto wanaouza karanga hapo hulitamka bila taabu. Ni jiwe hilo lililochorwa kwenye kadi nyingi za posta za Mwanza.

Baada ya uhuru watu waliokuja kutafuta kazi hawakuipata nchi ya tambarare, wakapanda. Leo vilima vya Igogo, Mabatini, Kilimahewa na vingine vimejaa nyumba hadi kileleni. Nyumba nyingi hazina ukuta wa nne, kwa kuwa jabali ndilo ukuta huo. Ngazi zimechongwa kwenye mwamba, kamba za kuanikia nguo zimefungwa kutoka jiwe hadi jiwe. Gharama ya msingi ni ndogo, lakini gharama nyingine ni kubwa: maji hupanda kwa kichwa, mgonjwa hushuka kwa kubebwa, na mvua kubwa ikinyesha kila mtu huangalia jabali lililo juu ya paa lake na kujiuliza udongo wa chini yake umebaki kiasi gani. Kwa bahati mbaya, yale yanayoelezwa kwenye jiolojia, udongo kusombwa na jiwe kubaki wazi, hapa yanatokea kwa kasi ya jembe na mtaro wa maji.

Wapo pia wanaokula kutokana na mawe. Kugonga kokoto ni kazi ya maelfu ya mikono jijini, mingi ikiwa ya wanawake. Jabali kubwa huwashiwa moto juu yake. Ganda la nje likipata joto hutanuka kuliko la ndani na kuachana, kwa kishindo kidogo. Mtaimbo huingizwa, ganda likang'oka, nyundo ikafuata. Mama huketi chini ya kivuli cha gunia, mguu mmoja amenyoosha, jiwe moja analishikilia kwa mpira uliokatwa usimgonge vidole, na anapiga hadi lifike ukubwa unaotakiwa, kisha anatupa kwenye lundo. Anauza kwa ndoo, au akisubiri kwa subira, kwa tripu ya lori. Nusu ya nyumba zinazomzunguka zimesimama juu ya zege la mikono kama yake. Ni vigumu kumhubiria habari za mandhari. Hata hivyo kila mwaka majabali yaliyochukua mamilioni ya miaka kujichonga yanapungua mjini, na ndiyo sababu nyingine ya Saanane kuwa na thamani inayozidi vipimo vyake: ni mahali pekee karibu na jiji ambapo mtu anaweza kuona Mwanza ilivyokuwa kabla ya nyundo.

Jiwe huamua hata choo. Shimo la choo halichimbiki kwenye graniti, na kwa miaka mingi maji machafu ya vilimani yalikuwa yakitiririka kwa mvua hadi ziwani. Miaka ya karibuni mamlaka ya maji ya jiji, MWAUWASA, imelaza mabomba membamba ya majitaka kati ya nyumba katika vilima kama Igogo, Mabatini na Kilimahewa, yakipita juu ya mwamba pale isipowezekana kupita chini. Kazi hiyo haipigwi picha na watalii. Lakini inahusu moja kwa moja wakazi wengine wa mawe, wale ambao mgeni wa Saanane hawaoni kwa sababu wako chini ya maji.

Miamba haikomei ufukweni. Inaendelea kushuka ziwani, na katika nyufa zake huishi furu, samaki wadogo wenye rangi ambao wamewafanya wanasayansi wa dunia nzima waifahamu Ghuba ya Mwanza kuliko wanavyoufahamu mji wenyewe. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu, karibu zote hazipatikani mahali pengine. Kwa kuwa ziwa lilikauka na kujaa upya, wingi wa aina hizo unaelekea kutokea katika miaka 15,000 hivi, kasi ambayo haina mfano miongoni mwa wanyama wenye uti wa mgongo. Kisha akaja sangara, aliyepandikizwa upande wa kaskazini mwa ziwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alipofurika katika ghuba ya Mwanza katikati ya miaka ya 1980, furu wa maji ya wazi walitoweka kwa wingi. Inakadiriwa kuwa aina 200 hivi zilipotea. Watafiti wa Uholanzi waliokuwa wakifanya kazi Mwanza tangu 1977 walizishuhudia nyavu zao zikibadilika. Walionusurika vizuri zaidi ni furu wa kwenye mawe, ambao wavuvi wa Kisukuma huwaita mbipi. Sangara mwenye urefu wa mita moja haingii kwenye ufa wa vidole vitatu.

Mmoja wa mbipi hao alipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, mwaka uleule aliong'atuka: leo anaitwa Pundamilia nyererei. Dume lake ni jekundu mgongoni, lina milia myeusi na ubavu wa njano. Jamaa yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, ana dume la bluu. Majike ya aina hizi mbili yanafanana mno, yote ya rangi hafifu, na yote hutunza mayai na watoto mdomoni. Kinachozitenganisha ni macho. Nyererei huishi chini kidogo, ambako mwanga unaofika ni mwekundu zaidi, na macho yake yameumbwa kuuona. Jike lake huchagua dume jekundu. Wale wa juu huchagua bluu.

Mwanasayansi Ole Seehausen na wenzake walizunguka visiwa vya mawe wakiwa na kifaa rahisi, kisahani cheupe kinachoshushwa majini hadi kisionekane. Kisiwani Makobe, katika Ghuba ya Speke, maji ni mang'avu na kisahani huonekana hadi zaidi ya mita 2. Huko wekundu na bluu wanaishi jirani bila kuchanganyika. Luanso, kusini mwa Ghuba ya Mwanza, kisahani hupotea kwenye nusu mita. Huko jike haoni rangi vizuri, huzaa na yeyote, na samaki wamekuwa kundi moja la rangi zisizo huku wala kule. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1997, na ya kina zaidi mwaka 2008, na sasa yamo katika vitabu vinavyofundisha jinsi aina mpya za viumbe zinavyotokea, na jinsi zinavyofutika bila kuuawa hata samaki mmoja. Udongo unaosombwa kutoka vilima vilivyochimbwa na majitaka yanayorutubisha mwani ndivyo vinavyotia maji ukungu. Kwa hiyo bomba la Mabatini na ndoa ya samaki wa ghubani ni habari moja.

Kwa anayetaka kwenda, mambo ni mepesi. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na anacholipa mgeni kutoka nje. Asubuhi ni bora kuliko mchana: pimbi wako nje, jiwe halijawa tanuri, na ziwa bado limetulia kabla upepo haujaamka. Viatu viwe vya soli ya mpira inayoshika, ndala zibaki nyumbani. Njia za kupanda majabali si ndefu, ila wazee wachukue muda wao. Wenye watoto wawaambie wahesabu mijusi badala ya kuwakimbiza.

Mwenye siku mbili tatu zaidi, na hamu ya mawe haijamwisha, apande meli kwenda Nansio, Ukerewe, avuke kisiwa kwa gari hadi Bugolora, kisha achukue kivuko cha kwenda Bwisya, kisiwani Ukara. Huko wenyeji watampeleka kwenye jiwe ambalo husemwa kwamba hucheza likiombwa vizuri. Mwenye kupenda misitu ashike barabara ya Sengerema na Geita kuelekea Rubondo. Foleni ya kivuko cha Kigongo iliyokuwa ikila nusu ya siku haipo tena tangu Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025. Magari sasa huvuka ghuba kwa dakika chache.